Idries Shah na visa vya masufi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina rafu moja nyumbani yenye vitabu vya Idries Shah, na kila mgeni anayeiona lazima aulize. Mwingine huuliza kwa hamu, mwingine kwa wasiwasi, na wapo wanaouliza huku wakiangalia pembeni kana kwamba nimeficha hirizi. Nimechoka kujibu huku chai inapoa. Majibu ni haya.

Idries Shah ni nani hasa?

Ni mwandishi. Aliandika kwa Kiingereza, na ndiye aliyewapa Wazungu wa kizazi kizima visa vya masufi, Waislamu wanaofuata njia ya ndani ya kumkaribia Mungu, wakati wengi wao hawakuweza kumtofautisha darweshi na mganga. Alizaliwa Simla, India, tarehe 16 Juni 1924. Baba yake, Sirdar Ikbal Ali Shah, naye alikuwa mwandishi, mtu wa asili ya Afghanistan. Mama yake alikuwa Mskoti. Alikulia Uingereza, na mwaka 1940, mabomu yalipokuwa yanaanguka London, familia ilihamia Oxford. Alifariki London tarehe 23 Novemba 1996.

Jina lake ni Idrisa wetu, limevalishwa tahajia ya Kizungu tu. Dada yake Amina alikuwa mkusanyaji wa ngano, na kaka yake, Omar Ali-Shah, alifundisha usufi kwa njia yake mwenyewe. Huyo kaka mkumbuke, tutakutana naye tena chini, na si kwa wema.

Familia hujihesabu kuwa masharifu, wazao wa Mtume. Babu yao mmoja, Jan-Fishan Khan, alikuwa mkuu wa Paghman, Afghanistan, aliyewaunga mkono Waingereza katika vita vya 1839 hadi 1842, na ukoo ukaja kupata makazi Sardhana, kaskazini mwa India. Kwa hiyo usimfikirie mzee aliyeshuka mlimani na kanzu moja. Alikuwa mtoto wa nyumba ya wasomi, mguu mmoja Mashariki na mwingine Uingereza, na miguu yote miwili alijua kuitumia.

Kwani Magharibi hawakuujua usufi kabla yake?

Waliujua, ila ulikuwa umefungiwa kabatini. R. A. Nicholson wa Cambridge alitafsiri Masnavi, utenzi mkubwa wa Rumi, mshairi sufi wa Kiajemi, katika toleo la juzuu nane lililotoka kati ya 1925 na 1940, kazi kubwa isiyopimika, lakini si kitabu cha kusoma umelala. Inayat Khan, mwanamuziki wa Baroda, aliondoka India mwaka 1910 akawafundisha watu wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, hadi alipofariki 1927. Njia ilikuwapo, wapita njia wakawa wachache.

Alichofanya Shah ni kukitoa kisa kikiwa kifupi, kwa Kiingereza chepesi, bila tanbihi za kitaalamu, chenye utani, halafu akakiacha mezani bila kukifafanua. Kitabu chake The Sufis kilitoka 1964 na utangulizi wa Robert Graves, mshairi aliyekuwa na jina kubwa wakati ule, na utangulizi huo ulimfungulia milango ambayo mtu mwenye jina kama lake angeigonga mpaka vidole viume. Baada ya hapo vitabu vilifuatana kama mvua za masika: visa vya Mulla Nasrudin 1966, Tales of the Dervishes 1967, The Way of the Sufi na Caravan of Dreams 1968, Wisdom of the Idiots 1969, Thinkers of the East 1971. Na kampuni ya uchapishaji alikuwa nayo yake mwenyewe, Octagon Press, tangu 1960.

Tazama pia wakati wenyewe. Ni miaka ya sitini, vijana wa London na California wanatafuta hekima popote isipokuwa kanisani kwa wazazi wao. Wengi waliuza uvumba na ushanga. Shah, kwa sifa yake, aliwaambia vijana hao waache kwanza kutamani maajabu.

Mulla Nasrudin ndiye Abunuwasi wetu?

Kwa sehemu kubwa, ndiye. Waturuki humwita Nasreddin Hoca na wanakuonyesha kaburi lake Akşehir, maarufu kwa kufuli kubwa mlangoni ilhali pembeni pako wazi. Waarabu humwita Juha. Sisi wa pwani visa vingi vya namna hiyo tumemtwisha Abunuwasi, jina la mshairi halisi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid. Yule mshairi alikuwa bingwa wa kusifia mvinyo, na nadhani angeshangaa sana kujikuta anafundishwa shule ya msingi.

Kisa cha sufuria unakijua. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kijisufuria ndani yake. "Imezaa," anasema. Jirani anapokea vyote viwili kwa mikono miwili, haulizi sufuria inazaaje. Safari nyingine Abunuwasi anaazima sufuria kubwa zaidi, kimya. Jirani anakuja kuidai. "Pole sana, ndugu yangu, imekufa." "Sufuria inakufaje?" "Ulikubali kwamba inazaa, sasa unakataa nini kwamba inakufa?" Uturuki kisa hicho hicho ni cha Nasreddin, neno kwa neno.

Tofauti iko hapa. Abunuwasi wetu ni mjanja: mfalme anatega, yeye anategua, sisi tunashangilia. Nasrudin wa Shah mara nyingi ndiye mpumbavu, na upumbavu wake ni kioo. Anatafuta ufunguo njiani, chini ya taa. Jirani anamwonea huruma, wanapiga magoti mavumbini wote wawili. Baada ya kitambo jirani anauliza, "Kwani umeuangusha wapi?" "Ndani ya nyumba." "Sasa mbona tunautafuta huku?" "Huku ndiko kwenye mwanga."

Mtoto anacheka. Mtu mzima naye anacheka, kisha usiku kinamrudia. Mimi kilinirudia mwaka niliokuwa nasoma kozi ya tatu mfululizo, kozi ambayo sikuwa na haja nayo, ila fomu zake zilikuwa zinapatikana karibu na kituo cha daladala.

Na kipo kile cha magendo. Nasrudin anavuka mpaka kila siku na punda waliobebeshwa majani makavu. Askari wa forodha wanayapekua, wanayachoma, wanayaloweka, hawaoni kitu, na yeye anazidi kutajirika. Miaka inapita, askari mmoja aliyestaafu anakutana naye ugenini. "Sasa niambie, maana hakuna tena wa kukukamata. Ulikuwa unavusha nini?" "Punda." Aliyewahi kukaa karibu na Horohoro au Namanga hahitaji maelezo zaidi.

Hadithi hizi alizitunga mwenyewe?

Nyingi ni za zamani. Ziko kwa washairi wa Kiajemi, kwa Rumi, kwa Attar, kwa Saadi, kwa Jami, na nyingine zimetembea midomoni mwa watu kutoka Kabul hadi Fez. Yeye alizichagua, akazifupisha, akazipa Kiingereza kinachopumua. Chini ya kila kisa katika Tales of the Dervishes ameweka maelezo mafupi: kimetoka kwa fulani, kimepokewa na fulani. Msomaji aliyezoea vitabu vya hadithi za Mtume ataanza mara moja kuuliza isnadi, mlolongo wa waliopokezana habari. Kwa mizani ya isnadi, ndugu yangu, nyingi ya rejea hizo ni dhaifu. Mara nyingine anakutajia jina la mwalimu usiyeweza kumfuatilia popote.

Mimi hilo huniudhi ninapotaka kunukuu, na haliniudhi kabisa ninaposoma. Kijito kinachofika jangwani kikashindwa kuvuka, mpaka kikubali kuchukuliwa na upepo na kuanguka upya kama mvua ng'ambo ya pili, hakihitaji cheti cha kuzaliwa ili kinipe cha kufikiri.

Mbona haandiki funzo mwishoni?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linatugusa sisi tuliosomea shule zetu. Tulifundishwa kwamba hadithi ikiisha panafuata mstari: "Hadithi hii inatufunza nini? Alama 4." Tukajibu kwamba inatufunza tusiwe na tamaa, tukapata alama, hadithi tukaizika hapo hapo.

Shah alilipinga jambo hilo maisha yake yote. Kwake kisa cha kufundishia kina tabaka, na anayekikamua funzo moja ni kama aliyekula ganda akalitupa tunda. Alitaka usome, ucheke, ukiache, urudi baada ya miezi, uone kimegeuka au wewe ndiye uliyegeuka.

Chukua kile cha zabibu, kilichomo katika Masnavi. Watu wanne safarini wana dirhamu moja. Mwajemi anataka kununua angur. Mwarabu anasema hapana, yeye anataka inab. Mturuki anataka uzum, Mrumi anataka stafil. Wanapigana ngumi. Wote wanne wanataka zabibu. Angepita mtu anayezijua lugha zote nne angeichukua ile dirhamu, akarudi na kikapu kimoja, na kila mmoja angepata alichokuwa anakipigania. Sasa ukiandika "tuwe na umoja" utakuwa umepata alama zako nne. Lakini ukikaa nacho utaanza kuuliza maswali ya kero: nani anayejua lugha zote? Wagombanao wangemjuaje kuwa ndiye? Na wangempa dirhamu yao ya pekee mtu wasiyemfahamu? Mimi huongeza langu: neno letu zabibu kwa asili ya Kiarabu ni zile zilizokaushwa, kwa hiyo hata Mswahili angejiunga na ugomvi ule akiwa na haki yake nusu.

Kingine kinachokataa funzo ni kile cha maji. Khidhiri, mwalimu wa siri wa visa vya masufi, anawaonya watu: siku fulani maji yote ya dunia yatabadilika, atakayekunywa mapya atarukwa na akili, basi kila mtu ahifadhi ya zamani. Mmoja tu anasikia. Siku inafika, watu wanakunywa, wanazungumza mambo mengine kabisa, na wala hawakumbuki kwamba walionywa. Yeye anakunywa akiba yake na kuwatazama. Wao wanamwona mwendawazimu, wanamsikitikia. Mwishowe upweke unamshinda, anakunywa maji mapya, anakuwa kama wao, anaisahau akiba yake, na watu wanashangilia kwamba yule kichaa amepona kwa rehema ya Mungu. Haya, alama nne ziko wapi?

Alikuwa shekhe wa tarika?

Si kwa maana tunayoijua sisi. Pwani yetu tarika, yaani jumuiya ya masufi chini ya shekhe wao, ina sura. Unachukua ijaza, yaani idhini, kwa khalifa, unaonyeshwa silsila, mnyororo wa walimu, mpaka juu, unapewa uradi, dua za kusoma kila siku, unahudhuria zikri, na shekhe wako ana jina, msikiti na kaburi la mwalimu wake linalozuriwa. Habib Saleh wa Lamu ameacha msikiti wa Riyadha na maulidi ambayo watu huyafuata hadi leo. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyetoka Manyema, Kongo, akafikishwa pwani utumwani, alikuja kuwa mwalimu mkubwa wa tarika ya Qadiriyya mpaka wenye asili ya uungwana wakapiga magoti mbele yake. Ukimuuliza mtu wa Bagamoyo tarika ni nini, atakuonyesha kwa kidole.

Kwa Shah hakuna cha kukionyesha kidole. Familia ilihusishwa na tarika ya Naqshbandiyya, na wafuasi wake walimwona mwalimu mkuu, lakini hadharani hakutandaza silsila, hakuongoza zikri za kuonekana, hakuvaa kilemba. Aliyekwenda kwake akitarajia uradi alipewa orodha ya vitabu. Aliwaambia watu kwamba kutaka sana kuwa mfuasi ndiyo dalili ya kwanza kuwa hujawa tayari kujifunza. Ukitaka kumtendea haki, mhesabu kuwa msimulizi mwenye jicho kali kwa tabia za wanaojiita watafutaji. Ukimhesabu kuwa shekhe wa tarika, mizani inamwangusha, na sidhani kama angelalamika.

Usufi wake una Uislamu ndani yake?

Una watu wa Kiislamu ndani yake: Ghazali, Ibn Arabi, Attar, Rumi. Kinachopungua ni sala. Shah alishikilia kwamba usufi ni elimu kongwe kuliko jina lake, kwamba Uislamu ni nyumba ulimokaa kwa muda mrefu, na kwamba Mzungu anaweza kuingia bila kusilimu. Kwa msomaji wa Kiislamu wa Mombasa au Unguja hilo halimezeki, na si kwa ukaidi. Masufi anaowataja walisema sheria ndiyo mlango, tarika ndiyo njia, na hakika iko ndani. Huwezi kuingia ndani ya nyumba kwa kuung'oa mlango na kuuza mbao zake.

Nikisema wazi: hapo nadhani alikosea, au aliwabembeleza wasomaji wake. Na alizidisha zaidi alipotaka kuuona usufi kila mahali. Katika The Sufis utamkuta Fransisko wa Assisi, Roger Bacon na hata Wamasoni, wote wameunganishwa na masufi kwa nyuzi nyembamba ambazo ukizivuta zinakatika. Hata hivyo nimemwona kijana aliyeanza na Nasrudin akaishia kwa Ghazali mwenyewe, na Ghazali hakumficha mlango.

Ni kweli alijihusisha na uchawi?

Aliandika juu ya uchawi. Oriental Magic kilitoka 1956, na mwaka uliofuata kikatoka kingine kilichochapisha upya vitabu vya kale vya waganga wa Ulaya. Kwa muda alikuwa katibu wa Gerald Gardner, Mwingereza aliyeanzisha dini mpya ya wachawi inayoitwa Wicca. Kitabu cha maisha ya Gardner kilichochapishwa na Octagon 1960 kina jina la mtu mwingine jaladani, lakini wengi wanaamini mkono ulikuwa wa Shah. Hakuna popote anapokufundisha kumroga jirani. Ni kijana mwenye kalamu aliyekuwa akitafuta riziki na mada, na uchawi London ulikuwa unauzika, kama unavyouzika kwetu kwenye magazeti ya udaku.

Kashfa ya Omar Khayyam ilikuwaje?

Hapa ndipo anaporudi yule kaka.

Edward FitzGerald alitoa kwa Kiingereza Rubaiyat, beti za Omar Khayyam, mshairi wa Kiajemi, mwaka 1859, na dunia nzima ikamjua Khayyam kupitia yeye. Hata sisi: Shaaban Robert alipotoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, alipita kwenye Kiingereza cha FitzGerald. Sasa mwaka 1967 Robert Graves na Omar Ali-Shah wakatoa tafsiri mpya. Wakamshambulia FitzGerald kwamba amemfanya sufi kuwa mlevi. Wakasema wao wanayo hati ya kweli, ya karne ya 12, iliyotunzwa katika familia ya akina Shah huko Afghanistan.

L. P. Elwell-Sutton, mtaalamu wa Kiajemi wa Edinburgh, akaisoma na kushangaa. Beti za ile "hati ya kale" zilifuata mpangilio wa jedwali alilolitengeneza Mwingereza mmoja, Edward Heron-Allen, mwaka 1899, alipokuwa akichunguza FitzGerald alitoa wapi beti zake. Yaani hati ya karne ya 12 ilikuwa imefuata mpangilio wa Mwingereza wa karne ya 19! Watu wakasema: leteni hati. Graves, ambaye Kiajemi hakukijua na aliyeweka jina lake lote mezani, akaomba: nileteeni hati. Haikuletwa. Haijaonekana mpaka leo.

Waliofanya tafsiri ni Graves na Omar Ali-Shah. Idries jina lake halimo jaladani. Lakini yeye ndiye aliyejuana na Graves kwanza, Mallorca, mwaka 1961, na mzee yule alipokuwa anachekwa magazetini, Idries hakutoa hati wala hakusema wazi kwamba haipo. Nampenda kwa visa vyake. Kwa hili simtetei. Mtu aliyeandika kisa cha sufuria iliyozaa alipaswa kujua mwisho wake.

Na habari ya nyumba aliyopewa?

J. G. Bennett, Mwingereza, alikuwa mwanafunzi wa Gurdjieff, mwalimu wa mambo ya kiroho, na alikuwa na kituo chake, Coombe Springs, Kingston upon Thames, ambako wanafunzi wake walikuwa wamemwaga jasho lao kwa miaka. Alisadiki kwamba Shah ametumwa na walimu wa siri wa Mashariki. Shah akataka zawadi isiyo na sharti, na Bennett akatoa, mwaka 1966. Shah akaiuza nyumba pamoja na uwanja, akahamia Langton House, karibu na Tunbridge Wells.

Wapo wanaosema ni utapeli. Wapo wanaosema lilikuwa somo: umetoa, basi umetoa. Mimi naona yanaweza kuwa kweli yote mawili kwa wakati mmoja, ila somo lenye hati miliki ya kiwanja ndani yake nalitazama mara mbili. Bennett mwenyewe aliendelea na safari yake na mwaka 1971 alifungua chuo kipya Sherborne.

Wasomi wanamwonaje?

Vibaya, kwa jumla. Elwell-Sutton aliandika mwaka 1975 makala kali ya kuutenga usufi na usufi bandia, na Shah aliwekwa upande wa pili. Annemarie Schimmel, Mjerumani aliyewasoma masufi kwa lugha zao, aliwashauri wanafunzi makini waviepuke vitabu vyake. Kwa upande mwingine Robert Ornstein, mwanasaikolojia wa Marekani, alivichukua visa vile kama zana za kuchunguza jinsi akili inavyonasa kwenye mazoea. Hawa wawili walikuwa hawasomi kitu kimoja. Schimmel alitafuta historia, akaikosa. Ornstein alitafuta kioo.

Doris Lessing anaingia wapi?

Mshindi wa Nobeli ya fasihi ya 2007, aliyelelewa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, alimsoma Shah katika miaka ya sitini na akabaki mwanafunzi wake. Aliandika kumtetea mara nyingi. Ukisoma riwaya zake za baadaye utaona alipopata ujasiri wa kuacha siasa ikae pembeni kidogo.

Alikuwa na chochote na Afghanistan, au ni jina tu?

Alikuwa nacho. Wasovieti walipoivamia nchi hiyo Desemba 1979 aliandika riwaya ndefu ya vita, Kara Kush, iliyotoka 1986. Ni ya msituni na bunduki, si ya hekima, na ndiyo pekee ninayoiruka kurasa.

Rumi wa kwenye kadi za harusi ni huyu huyu?

Hapana. Rumi wa mitandaoni, yule wa mistari miwili juu ya picha ya machweo, kwa kiasi kikubwa ni wa Coleman Barks, Mmarekani ambaye Kiajemi hasomi. Alizifanyia kazi tafsiri za wengine akatoa kitabu chake maarufu 1995. Barks alimfanya Rumi akupetipeti. Shah alikuwa anakukanyaga vidole.

Watoto wangu wanaweza kusoma?

Vizuri sana. Baadhi ya visa vimetolewa kama vitabu vya picha, kwa mfano kile cha simba mwenye kiu anayekwenda kunywa, anaona simba mwingine majini, anakimbia, anarudi, anakimbia tena, mpaka kiu inamzidi nguvu. Wasomee kwa sauti. Anza kwa "hadithi, hadithi" wakujibu "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kisha nyamaza. Usiwaulize wamejifunza nini.

Nianze na kitabu gani, na nakipata wapi?

Kimojawapo cha Nasrudin, halafu Tales of the Dervishes. The Sufis kiache mpaka uweze kukisoma kwa tahadhari. Learning How to Learn cha 1978 ni maswali na majibu, kinamfaa mtu aliyewahi kuchoshwa na shekhe, mchungaji au mkufunzi wa mafanikio. Taasisi inayosimamia kazi zake imeviweka vitabu mtandaoni uvisome bure, kwa Kiingereza. Usisome zaidi ya visa viwili kwa siku. Nilijaribu kumi, vikawa vichekesho vya redioni.

Naweza kuazima nakala yako?

Zamani nilikuwa naazima. Jamaa mmoja wa mtaani alichukua Wisdom of the Idiots, akanirudishia baada ya wiki mbili ikiwa na kijitabu kidogo cha mashairi juu yake. "Kimezaa," akasema. Nilicheka, nikavipanga vyote viwili kwenye rafu, nikamwita mke wangu aje aone. Mwezi uliofuata akachukua Tales of the Dervishes, ile yenye jalada gumu. Ni mwaka wa tatu huu. Nilipokutana naye sokoni nikamuuliza habari zake, akaweka kikapu chini, akavua kofia, akainamisha kichwa.